Jumatatu Iliyoahidiwa Dhoruba

Jumatatu, 8 Januari

Naanza daftari hili kwa hasira. Jana mezani Runa alinicheka mpaka supu ikamtoka puani. "Mama, wewe unakumbuka zile siku utabiri ulipokosea tu. Siku ulizopatia huzihesabu." Nikamwambia haya, nitaandika. Kila siku nitaandika umesema nini na kimekuja nini, na msimu ukiisha tuone mjinga ni nani.

Shule niliacha nikiwa na miaka kumi na tano nikaingia kiwanda cha samaki hapa Skarvnes, kwa hiyo mwandiko uvumiliwe.

Runa ni binti yangu, wa pekee, ana miaka ishirini na sita na boti ya mita kumi iitwayo Teisten. Anavua na Birger, aliyevua na baba wa Runa miaka ishirini. Wageni wakisikia mume wangu alikuwa mvuvi na amekufa, hugeuka kutazama bahari kwa huzuni. Hapana. Alikufa kitandani, mapafu, akilalamika kwamba viazi havikuiva.

Utabiri wa siku kumi kwenye simu leo: siku tatu upepo wa kusini, theluji kidogo, digrii sita chini ya sifuri. Kuanzia siku ya saba ni ule mchirizi wa kijivu unaopanuka. Maana yake ni "sijui", ila wao wameusomea.

Jumanne, 9 Januari

Utabiri umepatia. Nimetia chambo beseni tano.

Ijumaa, 12 Januari

Leo Jumatatu ya tarehe 22 imeingia kwenye simu, mwisho kabisa, pembeni. Imeingia na upepo wa mita ishirini na nne kwa sekunde kutoka kaskazini magharibi, yaani dhoruba. Mita ishirini na nne! Nilikuwa nimeshika kikombe nikakiweka chini.

Nilimwonyesha Hjordis bandani. Tunakaa naye meza moja mwaka wa kumi na tisa huu, tunatia chambo. "Siku kumi mbele?" akasema. "Oddveig, mimi sijui hata kama mume wangu atakuwepo siku kumi mbele, seuze upepo."

Jumamosi, 13 Januari

Tarehe 22: mita ishirini na saba.

Jumapili, 14 Januari

Tarehe 22: mita nane, kijua kimechorwa. Dhoruba imekwenda wapi? Nililala mchana kama mtoto.

Jumatatu, 15 Januari

Imerudi. Mita ishirini na tano. Nimeangalia mara kumi na nne, nimehesabu. Hjordis anasema nikiendelea hivi simu itanidai mahari.

Jumatano, 17 Januari

Runa alitoka saa kumi na moja alfajiri, akarudi saa nane mchana. Utabiri ulipatia. Chewa wanene, Birger alikuwa akiimba akishusha.

Siandiki yanayonipata akiwa nje kwa sababu ni yale yale. Mikono inafanya kazi, tumbo linakuwa jiwe. Nikisikia mlango wa banda nadhani ni mtu amekuja kuniambia. Nikiusikia ukifungwa bila mtu kusema neno ndipo navuta pumzi. Hjordis naye ana mwanawe boti nyingine lakini anakula mkate na jibini la kahawia kama aliye harusini. Sijui ana moyo wa nini.

Alhamisi, 18 Januari

Runa alikuja bandani, buti zake zimeganda, akakaa juu ya beseni lililogeuzwa.

"Mama, Jumatatu nataka beseni ishirini tayari."

"Jumatatu ni mita ishirini na tano."

"Leo ni Alhamisi. Itabadilika."

"Na isipobadilika?"

"Sitaenda. Mimi si punda."

"Usitukane punda," akasema Hjordis, "yeye haendi baharini kabisa."

Runa akacheka, akanibusu kichwani, akaondoka. Mimi sikucheka. Niandike hapa ninalolijua, maana kwa mdomo siwezi kulisema. Beseni moja ni mshipi mrefu wenye ndoana mia nne, na kila ndoana ina kipande cha ngisi au kibua nilichokichoma kwa mkono huu. Beseni ishirini ndiyo safari. Zikipungua boti haitoki. Zikiwa tayari, zimepangwa, chambo kimeanza kulainika, basi zinamsukuma mtu. Nimewaona wanaume wenye akili wakisimama gatini na upepo unawavua kofia, wanaangalia anga, wanaangalia mabeseni, wanaangalia anga tena. Wanakwenda. Mshipi uliotiwa chambo una mdomo kuliko mke.

Ijumaa, 19 Januari

Tarehe 22: mita ishirini na sita, mawimbi mita saba. Siku tatu zimebaki na haishuki.

Nimefanya jambo. Saa nne nilipiga ukelele nikashika kidole gumba cha kulia. Nikasema ndoana imeingia mpaka mfupani. Nikaenda msalani nikakifunga bendeji nene kama kichwa cha mtoto. Hakina kitu. Nimetia beseni moja tu tangu hapo, polepole, nikiguna.

Hjordis alinitazama sana. "Pole," akasema. "Ila mtu aliyechomwa mpaka mfupani hakandamizi ngisi kwa kidole hicho hicho."

Nikasema nina ujasiri.

"Wewe? Wewe unaogopa kibaniko cha mkate."

Lakini hakumwambia mtu.

Jumamosi, 20 Januari

Mita ishirini na tatu. Runa kaniletea dawa ya kidole. Alinishika mkono kwa upole nikatamani ardhi ipasuke. Beseni zilizo tayari ni kumi na moja.

Jumapili, 21 Januari

Asubuhi mita kumi na tisa. Adhuhuri mita kumi na mbili. Jioni mita sita.

Mita sita! Inayeyuka mbele ya macho yangu kama siagi. Dhoruba imepinda kwenda mashariki, wanasema, itawapiga wengine huko mbali. Runa kapiga simu: "Mama, kidole kinaweza?" Nikasema hakiwezi. Ningesema nini? Kingepona vipi kati ya adhuhuri na jioni?

Jumatatu, 22 Januari

Bahari kama maziwa kwenye bakuli. Boti tisa zimetoka. Teisten imebaki gatini na mabeseni kumi na moja.

Halafu leo ndiyo siku jua linarudi. Miezi miwili hatukuliona, na leo saa tano na nusu likachomoza kidogo juu ya mlima, jekundu, dakika chache. Watoto walitolewa shuleni wakasimama kwenye theluji wakila maandazi yenye jamu, nyuso zimejaa sukari. Runa alisimama nao, mikono mfukoni. Boti zote zingine zilikuwa kule nje kwenye mwanga na yeye yuko na watoto wa darasa la kwanza.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilimwona amesimama kwenye ardhi kavu nikafurahi.

Jioni wakaingia wote tisa, mizigo imejaa. Mwana wa Hjordis alimpigia Runa kelele: "Umelala, bi mkubwa? Samaki walikuulizia!"

Jumanne, 23 Januari

Bado shwari. Runa amekaa meza yangu tangu asubuhi anatia chambo mwenyewe. Ni mzito wa mikono, alikuwa hivyo hata utotoni akifunga kamba za viatu. Hjordis alimwonea huruma akaja upande wetu. Saa sita nikafungua bendeji nikasema maumivu yamepungua, nikafanya kazi kama mashine. Tumefikisha ishirini saa kumi na mbili jioni.

Nilikuwa sina hofu. Nitaandika kwa nini: kwa sababu utabiri wa kesho ni mita saba, manyunyu ya theluji hapa na pale, na kesho si siku ya saba wala ya kumi, ni kesho. Nimemdharau mtabiri wiki mbili. Leo nimemwamini. Nimemwambia Runa kwa mdomo wangu: "Kesho ni nzuri."

Alhamisi, 25 Januari

Jana sikuandika. Nitajaribu leo.

Alitoka saa kumi na moja alfajiri. Teisten ilitoka peke yake, yeye na Birger, bila boti nyingine. Wale tisa walikuwa wamevua siku mbili mfululizo, wakakaa kushusha na kutengeneza mishipi. Mpaka saa nne hakukuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti.

Saa tano Hjordis alikwenda kumwaga maji akarudi na ndoo imejaa. "Njoo uone," akasema. Hakufanya mzaha, ndipo nilipojua. Kaskazini kulikuwa na ukuta. Si wingu, ukuta, mweusi chini na mweupe juu, umesimama juu ya bahari na unakuja. Nikatoa simu. Simu ilisema mita saba. Ilichora wingu moja na nyota tatu za theluji.

Kuna dhoruba ndogo huzaliwa kwenye ukingo wa barafu huko juu. Inazaliwa asubuhi, inakufa jioni, na haimpi taarifa mtabiri wa siku kumi wala wa siku moja. Wote hapa Skarvnes tunazijua. Mimi pia nazijua. Nilikuwa nimekodolea macho ile kubwa ya Jumatatu, ile iliyopiga hodi siku kumi nzima, nikasahau hizi zinazoingia bila hodi.

Dakika kumi baadaye dirisha la banda lilikuwa jeupe na paa linalia. Simu ikatetemeka. Ilikuwa onyo: upepo mkali unatarajiwa. Unatarajiwa! Hjordis aliitazama, akaisonya.

Tuna redio ya boti juu ya rafu. Nikaipandisha sauti. Muda mrefu hakuna kitu, kelele tu. Halafu: "Skarvnes, Skarvnes, hapa Teisten." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo likanitisha zaidi, maana Runa akiogopa huongea kama anasoma tangazo. Alisema wamekata mshipi, wameuacha baharini, wanarudi. Digrii kumi na nne chini ya sifuri, kila wimbi linalowapiga linaganda papo hapo. Birger yuko nje na nyundo ya mbao anabomoa barafu.

Atakayesoma hili huenda hajui barafu inafanya nini. Inajijenga kwenye mlingoti, kwenye reli, kwenye paa la chumba cha usukani. Boti inakuwa nzito juu kuliko chini. Haizami, inapinduka. Mara moja, kama mtu anavyogeuka usingizini.

Nilishika kipaza sauti cha redio. "Runa, mwanangu, pigeni barafu ya juu kwanza!"

"Mama, toka kwenye redio."

"Ya juu kwanza!"

"Mama. Toka."

Hjordis akanivua kile kitu mkononi, kidole kimoja kimoja. Akanikalisha. Akaniwekea kisu na ngisi mbele yangu. "Kata," akasema. "Sijali vipande vikoje. Kata."

Nikakata. Saa saba na robo redio ikasema Birger ameanguka, mkono umevunjika, yuko ndani. Maana yake Runa anaendesha na hakuna anayebomoa. Anasimamisha injini, anatoka kupiga barafu, anarudi kuendesha. Peke yake. Meli ya uokoaji ilisema inafika baada ya saa mbili. Nikahesabu: siku ile ni Jumatano. Jumatatu kulikuwa na boti tisa kule. Yeyote kati ya tisa angemfikia kwa dakika ishirini. Nikaweka kisu chini nikatapika kwenye ndoo ya maganda.

Toka hapo redio ilinyamaza dakika tisini. Sina maneno ya dakika hizo na sitaki kuyatafuta. Najua tu kwamba nilianza kuomba na nikasahau jinsi sala inavyoendelea, ile niliyofundishwa nikiwa na miaka minne, nikawa narudia mwanzo, narudia mwanzo.

Saa tisa kasorobo mtu akapiga kelele nje. Tukakimbia gatini bila makoti. Kitu cheupe kilikuwa kinaingia polepole kati ya taa mbili za bandari. Hakikuwa na umbo la boti, kilikuwa rundo la chumvi lenye injini. Kimeinama upande wa kushoto. Dirisha la usukani lilikuwa limebaki tundu la ukubwa wa sahani, na ndani ya tundu kulikuwa na uso wa mwanangu.

Hakushuka mwenyewe. Vidole vilikuwa vimekwama kwenye usukani.

Birger walimbeba kwenye machela, mkono umefungwa kwa kipande cha kasha la samaki. Alipopita mbele yangu akasema, "Oddveig, usilie. Wa kunywea kahawa ni huu mwingine."

Ijumaa, 26 Januari

Runa analala kwangu. Nasikia anavyopumua.

Jumamosi, 27 Januari

Alikuwa anakula uji mezani, vidole vimevimba, kijiko anakishika kama mtoto. Nikasema.

"Runa, kidole changu hakikuwa na kitu."

Hakuelewa. "Kidole gani?"

"Gumba. Ndoana haikunichoma. Nilidanganya, ili mabeseni yasitoshe, ili Jumatatu usitoke."

Akaweka kijiko chini. Nilimwona anahesabu. Ana uso wa baba yake akihesabu.

"Jumatatu bahari ilikuwa maziwa," akasema. "Boti tisa."

"Ndiyo."

"Na Jumatano nilikuwa peke yangu."

"Ndiyo."

"Birger anajua?"

"Hapana."

"Utamwambia wewe." Akasimama, akavaa koti, akashindwa zipu kwa vile vidole. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akasogea nyuma. Akatoka na koti limefunguka, digrii tisa chini ya sifuri.

Jumapili, 28 Januari

Nilimpigia Birger hospitalini. Nikamwambia yote, sikuficha.

"Basi ungetia chambo polepole na Jumanne pia," akasema. Akakata.

Jumatatu, 29 Januari

Beseni tatu, za boti nyingine. Runa hakuja.

Jumanne, 30 Januari

Hakuja. Mita kumi na tano, umepatia. Sijali.

Jumatano, 31 Januari

Nilimuuliza Hjordis kwa nini hakunisema siku ile, alijua. Akaendelea kukata.

"Kwa sababu na mimi nilishawahi," akasema. "Mwaka wa kwanza wa kijana wangu. Niliacha mabeseni manne nje ya chumba cha baridi yakaoza. Nilisema nimesahau."

"Ikawaje?"

"Haikuwa kitu. Hali ya hewa ilikuwa mbaya kweli, nikaonekana nina bahati. Tofauti yangu na yako ni hiyo tu, shoga. Usinitazame hivyo, kata ngisi."

Miaka kumi na tisa nimekuwa nadhani hana hofu. Leo nikamtazama anavyotafuna mkate wake: hakuwa anaumeza. Anautafuna, anautafuna, halafu anautemea kwenye karatasi.

Ijumaa, 2 Februari

Runa alikuja bandani saa sita mchana. Hakukaa. Alisema amepata msaidizi, Ellen, mpwa wa Birger, na mshipi mpya, na Jumatatu anarudi baharini.

"Utanitilia chambo," akasema. "Hakuna mwenye mkono kama wako. Lakini kuna sharti."

"Lolote."

"Usiseme lolote kabla hujasikia. Kila siku saa kumi na moja alfajiri utakuja gatini. Utaangalia simu yako, utaangalia anga, utaniangalia mimi machoni. Kisha utasema: nenda, au usiende. Nitakusikiliza."

"Mimi? Mimi sijui bahari."

"Unaijua. Umeitazama kwa dirisha hilo karibu miaka ishirini."

"Na nikisema usiende kila siku?"

"Basi nitauza boti. Lakini utakuwa umeniambia usoni, si kwa bendeji."

"Runa, siwezi kulibeba hilo. Ukienda kwa neno langu halafu..."

"Umeshalibeba, Mama. Ulilibeba kisirisiri, na Birger akavunjika mkono."

Hjordis alikuwa ameinamia beseni lake kama mtu asiyesikia, sikio limemsimama.

Jumapili, 4 Februari

Kesho: mita tisa, manyunyu. Siku ya pili na ya tatu shwari. Kisha kijivu.

Nimeangalia mara moja asubuhi na mara moja sasa. Hakuna jipya humo. Kesho nitaulizwa mimi.

Jumatatu, 5 Februari

Nilifika gatini kabla yao. Runa akaja, Ellen nyuma yake na mabeseni kwenye gari la kusukuma. Ishirini. Niliyatia yote vizuri, hakuna ndoana tupu hata moja.

Nikaangalia simu. Nikaangalia kaskazini, giza, nyota chache, ukingo wa anga safi. Nikauliza ninachojua kuuliza.

"Nani mwingine anatoka?"

"Nane," akasema Runa.

"Mtakuwa mbali nao?"

"Nitaziona taa zao."

"Ukiona ukuta?"

"Nakata mshipi. Sisubiri."

Kisha akaniangalia machoni, kama alivyosema. Kwenye mdomo wangu kulikuwa na neno *usiende*, tayari, limepangwa, linanisukuma. Mita tisa si kitu. Boti nane. Hakuna sababu ila mimi. Na mimi si sababu.

"Nenda," nikasema. Ilikuwa sauti ya mtu mwingine. "Urudi kabla ya saa nane."

"Saa tisa."

"Saa nane, Runa."

"Sawa. Saa nane."

Hakunibusu. Alinigusa bega kwa ngumi, hivi, kama wanavyogusana wavuvi wakiachana, akaruka chomboni.

Sasa ni saa tano. Hjordis ananikaripia kwamba nauchafua ukurasa kwa mikono ya ngisi, na ni kweli, unanuka. Theluji imekuja dirishani, imepita, imekuja tena. Nimesimama mara mbili kuangalia kaskazini. Redio inaongea, sauti za watu, samaki, kahawa, matusi, na katikati yao mara moja nimesikia sauti yake ikicheka.

Tumbo ni jiwe lile lile. Nimemaliza matatu. Beseni la nne, la kesho, naanza sasa.